Tukisubiri Breki Zipoe

Shuleni wananiita mchekeshaji, kwa hiyo siku niliyosema jambo la maana hakuna aliyenisikiliza.

Lori la mahindi ya shule lilikuwa limeshuka mlima kwa fujo, likasimama mbele ya jiko huku magurudumu ya nyuma yakifuka moshi. Dereva akaruka chini akaenda kutafuta chai. Harufu ikaingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Jamaa anayekaa nyuma yangu akanusa, akapiga meza: "Wanangu, leo makongoro!" Darasa zima likashangilia. Simlaumu. Breki zikiungua hunuka hivyohivyo, kama kwato za ng'ombe zinazobabuliwa motoni kabla ya kupelekwa kwenye sufuria ya supu. Mimi mwenyewe niliwahi kudanganyika hivyo, na sikuwa peke yangu.

Viranja wakakimbia na ndoo. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Msimwage maji! Ziacheni zipoe zenyewe!" Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwoneni Robi, leo kawa fundi." Wakamwaga. Chuma kikalia kaa! kama kinachokatwa, mvuke ukapanda, na dereva akatoka jikoni na kikombe mkononi, mdomo wazi. Siku nyingine ningekuwa na la kusema juu ya ule mdomo. Siku hiyo sikuwa nalo. Nilirudisha kichwa ndani nikaangalia ubaoni, ambako mwalimu wa fizikia alikuwa ameandika neno MSUGUANO na kutuomba mfano kutoka maisha ya kila siku. Dakika chache kabla nilikuwa nimenyoosha mkono nijibu, "Ukoo wetu." Sasa sikuunyoosha tena.

Ngoja niwaambie, ninyi wa rika langu, maana wakubwa wanaijua hadithi hii kwa namna yao.

Nilikuwa mdogo wa meno ya mbele kung'oka. Wazazi wangu walikuwa wakifanya biashara Sirari, mimi nikaachwa kwa Bibi huku juu, upande wa Tarime wenye baridi na migomba. Bibi alikuwa mkavu, mrefu, mpenda ugoro. Aliniita mke mwenza, ingawa mume tuliyekuwa tunamgombania alishazikwa nyuma ya zizi kabla sijazaliwa. "Mke mwenza, leo zamu yako kumpikia mzee," angesema, na mimi ningejibu, "Mzee kasema anataka mkono wako," na angecheka hadi ugoro umtoke puani. Kama nina kipaji chochote cha mzaha, nimekiokota hapo jikoni kwake kama kuku anavyookota punje.

Jioni, kazi yangu ilikuwa kufunga banda la mbuzi. Halikuwa na komeo. Nilisogeza mlango, nikaegemeza jiwe. "Weka jiwe wasiondoke," Bibi alikuwa akiniambia kila siku, na kweli asubuhi mbuzi wote tuliwakuta. Lishikeni hilo la jiwe, nitalirudia.

Mtoto wa mwisho wa Bibi ni baba mdogo Mwita. Alikuwa na pikapu, na bado anayo. Alibeba mikungu ya ndizi kutoka kwetu akaishusha Matongo, kule kwenye machimbo, kwa sababu wageni waliokuja kutafuta dhahabu kutoka mikoa ya mbali walikula ndizi kuliko sisi tunaozipanda. Njia ya kwenda huko inateremka, inakunja, inateremka tena. Baba mdogo aliijua kama unavyojua ngazi za kwenu gizani. Ni mtu wa maneno machache. Dada yake mkubwa, Shangazi Gati, aliyachukua maneno yote yaliyobaki. Shangazi akiita kuku huku kwetu, huko Kenya mtu anaitikia.

Asubuhi moja Bibi hakuamka kupepeta mtama. Kifua kilikuwa kinambana, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani. Alitaka apelekwe hospitali ile ya ng'ambo ya Mto Mara, ambako aliwahi kulazwa na kuwazoea manesi. Baba mdogo akatoa godoro, akalitandika nyuma ya pikapu, wakamlaza. Nikajibana karibu na kichwa chake. Hapo ndipo mambo ya kwetu yakaanza.

Kwetu mgonjwa hasafirishwi. Mgonjwa anasindikizwa. Ukimpeleka mtu hospitali na watu wawili tu, kijiji kitasema humpendi, au kuna kitu unakificha. Shangazi Gati akapanda, na sufuria. Jirani wa juu akapanda, na gunia la mkaa. Jirani wa chini akapanda na mwanawe mgongoni, maana angemwacha na nani? Akina mama wa kanisani wakapanda na ndoo ya uji. Mzee mmoja mwenye fimbo akapandishwa na watu, huku akilalamika kwamba anaharakishwa. Unga ukapanda, mkungu wa ndizi ukapanda, na mwishoni kuku, miguu imefungwa, kwa ajili ya supu ya mgonjwa.

Baba mdogo alizunguka gari. Akainama akaangalia springi za nyuma, zimelala kama mbwa wa mchana. Akasema taratibu, "Dada, watu wapungue. Ule mteremko naujua mimi."

"Umpunguze nani?" Shangazi akasimama katikati ya sufuria. "Nani hapa hampendi mama? Aseme! Asiyempenda mama ashuke!"

Sasa nani angeshuka? Hata mwenye fimbo, aliyekuwa anataka kushuka tangu alipopanda, alikaa.

Bibi akanivuta sikio, akaninong'oneza, "Mke mwenza, kuna mtu amekalia mguu wangu. Usimwambie, atalia."

Tukaondoka. Shangazi alikuwa akipiga paa la gari kwa kiganja, "Kanyaga, mura, kanyaga! Mama anaondoka! Mama anatuacha!" Na baba mdogo, aliyekuwa hawezi kumbishia dada yake tangu azaliwe, akakanyaga. Migomba ikapita kama inatufukuza. Kila kona gari liliinama, na sisi wote tukammwagikia Bibi, kisha tukajikusanya, kisha tukammwagikia tena.

Ndipo ikaja ile harufu. Nzito, chungu, inakwaruza koo. Nilianza kutafuta kwa macho ni nyumba gani inatoa moshi.

"Mke mwenza," Bibi akasema, macho yamefumba, "nani anababua makongoro?"

"Sijui, Bibi."

"Na mimi sijala tangu jana."

Kwenye kona ya mwisho gari halikupunguza mwendo. Nilimwona baba mdogo kwa kioo cha nyuma, goti lake linapanda na kushuka, anapampu pedali kama mtu anayekanyaga nyoka. Kisha injini ikapiga ukelele, maana alikuwa ameisukumiza gia ndogo kwa nguvu, na sisi wote tukaruka mbele kwa mkupuo. Kuku akatua mapajani kwa mzee mwenye fimbo. Gari likamaliza mteremko, likavuka kijito, baba mdogo akalipeleka kwenye kipande cha njia kinachopanda kidogo, na likasimama lenyewe kwa kuchoka.

Alishuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Hakuvuta breki ya mkono. Nilikuja kujua baadaye kwamba breki zikiwa moto hivyo, ukivuta ya mkono zinaganda hapohapo. Aliacha gari kwenye gia, akaenda ukingoni, akaokota mawe, akayaegemeza kwenye magurudumu.

"Kuna nini?" Shangazi akauliza.

"Breki zimeungua. Tunasubiri zipoe."

"Tuna-nini?"

"Tunasubiri, dada. Pedali inazama hadi chini. Mbele kuna mteremko wa darajani, na leo ni mnada. Daraja limejaa ng'ombe na watu."

Kwenye kijito palikuwa na wanawake wanafua. Walipoona moshi na mgonjwa, waliacha nguo zao wakaja mbio na ndoo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye utu angefanya. Baba mdogo akatanua mikono mbele ya gurudumu. "Maji hapana, mama zangu! Asanteni, lakini maji hapana!"

"We kijana, tunakusaidia!"

"Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Kikipasuka hatufiki popote."

Shangazi akaruka chini, akanyakua ndoo ya mmoja, akaenda kwenye gurudumu. Baba mdogo akaishika ndoo. Wakavutana, mtu na dada yake, kimya kwanza, kisha maji yote yakammwagikia baba mdogo viatuni. "Mama yako anakufa," Shangazi akasema, na safari hii hakupiga kelele, "na wewe unalinda vyuma."

Baba mdogo aliiachia ndoo. Aligeuka akatuangalia sote tuliojazana nyuma. "Wengine mkishukia hapa, gari litakuwa jepesi. Nitarudi kuwachukua."

Akina mama wa kanisani wakaangalia uji. Jirani wa chini akamsogeza mwanawe mgongoni. Hakuna aliyeshuka.

Basi tukasubiri. Shangazi alirudi akakaa kwenye ukingo wa gari, akaanza tena, "Mama anaondoka. Mama anaondoka." Jua lilikuwa kali na kijito kilikuwa kinaendelea na shughuli zake. Magurudumu yalikuwa yanasema ti, ti, ti, sauti ndogo, kama mtu anayegonga kikombe kwa kucha. Nilining'iniza kichwa nikayatazama yale mawe, na nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa. Mbuzi wasiondoke, unaweka jiwe. Bibi anaondoka, baba mdogo kaweka mawe. Nilimwona mwerevu kuliko wote pale, na nikashangaa kwa nini Shangazi anamgombeza mtu anayefanya kazi nzuri hivyo.

Bibi alimwita mara moja. "Mwita." Akaja, akaegemea ukingo. "Waache wapumue," Bibi akasema. Mpaka leo watu wa kwetu wanabishana alikuwa anamaanisha nani. Wengine wanasema akili ilishahama, alidhani yuko shambani na ng'ombe wa plau, maana ng'ombe akitoka kulima hupewi ruhusa ya kumkimbiza mtoni kabla hajapumua. Baba mdogo hajawahi kusema anadhani nini. Mimi naona labda alikuwa anaomba waliomkalia miguu wahame.

Ti, ti zikapungua. Baba mdogo akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, akaingia akakanyaga pedali, akasikiliza kwa mguu. Akatoka. Akayaondoa mawe, akayatupa kando ya njia.

Ameyatoa! Sasa Bibi ataondoka! Nilishuka kwa kuanguka, nikaokota moja, dogo kuliko mengine lakini zito kwa mikono yangu, bado lina joto upande mmoja. "Robi, panda!" Nikapanda nalo. Nikaliweka kwenye khanga ya Bibi, juu ya tumbo, nikalishika na mikono miwili.

Akafumbua jicho moja. "Hili nini?"

"La kukuzuia."

"Nisiende wapi?"

Sikujua pa kutaja. Akalipapasa, akaligeuza. "Zuri," akasema. "Upande huu ni laini. Litanifaa kusagia ugoro." Akabaki nalo mkononi.

Baba mdogo aliteremka darajani kwa gia ya kwanza, injini inalia, breki haigusi ila kwa kuibembeleza. Daraja lilikuwa limejaa kweli. Ng'ombe walipita karibu kiasi kwamba mate ya mmoja yalinidondokea shingoni. Tulipenya katikati ya watu wa mnada kama uzi. Ng'ambo, barabara ikawa tambarare, imenyooka, haina kona wala mlima, mahali ambapo breki hazina kazi kabisa. Hapo ndipo Bibi alipofia. Shangazi aliona kwanza. Alipiga paa la gari, pa, pa, kisha mkono wake ukabaki juu, haukupiga tena. Baba mdogo aliendelea kuendesha. Hakuna aliyemwambia. Aliendesha vizuri, polepole, mpaka getini.

Nesi aliyefunua khanga aliuliza, "Hili jiwe la nani?" Hakuna aliyejua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Baba mdogo akalichukua, akalitazama, akanitazama, akalitia mfukoni. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Hakusema lolote kuhusu kusubiri kwetu pale kijitoni, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na nadhani hakuna aliyemwuliza kwa sababu kila mtu alishachagua jibu lake.

Msibani jibu lilikuwa tayari limeiva. "Alipumzisha gari, mama akafa." Lilianzia kwa Shangazi, likapita kwenye masufuria, likafika kwa wazee nje. Kabla hata matanga hayajaisha, baba mdogo alikuwa na jina jipya: Pumzisha. Bado analo. Watu wanaohitaji usafiri wanasimama njiani, "Pumzisha, unashuka Matongo?" na yeye anasimamisha, wanapanda.

Mimi sikulia. Walinitazama, wakaambiana huyu mtoto moyo wake mgumu. Haukuwa mgumu. Sikuwa nauhisi popote. Niliwaza tu kwamba jiwe lilikuwa dogo, ningechukua lile kubwa. Kisha, watoto wenzangu walipokaa kimya nyuma ya nyumba, niliigiza jinsi kuku alivyomrukia mzee mwenye fimbo, wakacheka, na wakataka tena, nikarudia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uchekeshaji. Niliifanya vizuri.

Siku ya tatu tangu mazishi, ndugu waliotoka Kenyamonta, ng'ambo ya mto, walitaka kurudishwa kwao. Baba mdogo alipandisha pikapu kwenye jeki kando ya ua, akafungua magurudumu. Waliomwona waliguna. Udongo wa mama bado mbichi, yeye mikono ina grisi. Nilikwenda kuchungulia. Nilidhani anatafuta ndani ya gurudumu kilichomuua Bibi, nikataka nikione.

Alinionyesha. Kipande cha lainingi, kile kinachobana chuma gari lisimame, kilichopinda kama ukucha mkubwa. Kilikuwa kinang'aa. "Kipapase," akasema. Kilikuwa laini kama sahani.

"Kizuri," nikasema.

"Kibaya. Hiki kinatakiwa kikwaruze. Kikipata moto kupita kiasi kinang'aa hivi, na kikishang'aa hakishiki tena. Unakanyaga, kinateleza tu."

"Kimekufa?"

Akafikiri. "Bado. Kinakwanguliwa." Akachukua msasa akaanza kukisugua, taratibu, vumbi jeusi likimwangukia magotini, mpaka ule mng'ao ukaondoka na kikawa na uso wa udongo. Alifanya hivyo kwa vyote. Nimekifikiria kile kipande mara nyingi kuliko ninavyopenda, hasa siku ambazo watu wanalia karibu nami na mimi natafuta mzaha.

Kisha akaniweka kwenye kiti cha dereva. Oili ya breki ilikuwa imechemka siku ile, ikaingiza hewa kwenye mabomba, na hewa ndiyo iliyofanya pedali izame. Ilibidi itolewe. Yeye akalala chini ya gari na spana na chupa, mimi nikasimama juu ya pedali, maana miguu haikufika nikiwa nimekaa.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

Chini nikasikia kama mtu anatema mate chupani. "Achia." Halafu tena. Kanyaga, shikilia, achia. Pedali ilianza ikiwa kama tope, ikawa kama uji mzito, ikawa kama ugali, mwisho ikawa ngumu, inanisukuma juu. Wakati mmoja alikawia sana kusema achia. Nilishikilia. Miguu ikatetemeka. Sikusikia spana wala mate ya oili, nikasikia tu pumzi yake, nzito, ya kukatikakatika. Nikadhani kapata vumbi. "Baba mdogo?" Spana ikagonga chuma mara moja. Kisha, "Achia."

Shangazi alipita akasimama hapo, mikono kiunoni, akatutazama. Akaenda zake.

Mchana ndugu wa Kenyamonta wakapanda. Na majirani walewale, na akina mama walewale, na Shangazi mwenyewe, wakapanda kuwasindikiza wageni. Wote. Na sufuria. Springi zikalala. Nilimwangalia baba mdogo nione kama atasema watu wapungue. Hakusema. Alishuka mlima mzima kwa gia ya kwanza, gari linanguruma kama linatukana, na chini ya mteremko, kwenye kijito, akasimama, akatoa jiwe chini ya kiti chake. Lilikuwa lile langu. Akaliegemeza kwenye gurudumu. Tangu hapo hajawahi kupita pale bila kusimama, na hajawahi kumwambia mtu yeyote ashuke.

Ilinichukua hadi siku ya lori la mahindi kuona kitu kilichokuwa wazi muda wote. Viranja walipomaliza kuharibu gari la watu, mwalimu aliendelea na somo lake. Akachora kigari ubaoni, kinateremka, akakiongezea boksi juu. Mzigo ukizidi, akasema, breki zinafanya kazi zaidi kukizuia, na joto linazidi. Akaongeza boksi jingine. Nilitazama yale maboksi, nikamwona Shangazi ubaoni. Nikawaona akina mama na uji wao. Nikaona gunia la mkaa, mzee na fimbo, kuku. Nikajiona mimi, na jiwe langu. Breki za baba mdogo ziliungua kwa uzito wetu sisi tuliompenda Bibi, na sisi haohao ndio tuliomwita Pumzisha. Nilisubiri nipate hasira. Haikuja. Nikanakili kigari kwenye daftari, pamoja na maboksi yake.

Likizo iliyofuata, Shangazi Gati akavimba miguu. Siku ya pili akashindwa kusimama. Akasema apelekwe hospitali ileile ya ng'ambo. Baba mdogo akatandika godoro, pikapu ileile, imepakwa rangi nyingine tu. Tukamlaza. Na watu wakaanza kuja kutoka kila upande wa migomba, mmoja na ndoo, mmoja na mkaa, wengine wapya, wengine walewale wenye mvi sasa. Wakapanda.

Baba mdogo alizunguka gari. Akainama akaangalia springi. Akanyanyuka, akafuta mikono kwenye suruali. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa nyuma wa pikapu, nafikiri ni mzaha gani unaweza kuwashusha watu kwenye gari bila kuwavunjia heshima. Mimi, Robi, ninayeweza kumfanya mwalimu wa zamu acheke akiwa na fimbo mkononi. Sikupata hata mmoja. Mdomo wangu ulikuwa laini, hauna pa kukwaruza.

"Shukeni," Shangazi akasema.

Walidhani hawakusikia vizuri.

"Nimesema shukeni. Wote."

"Dada yetu," mama mmoja wa kanisani akasema, "sisi tunakupenda, hatuwezi kukuacha uende peke yako."

"Nipendeni mkiwa hapo chini."

Alikuwa analitazama anga, siyo sisi. Walishuka mmoja mmoja, na ndoo zao, wakinung'unika kwamba ugonjwa umempanda kichwani. Springi zikanyanyuka. Baba mdogo alisimama pale kidogo, mkono kwenye ukingo wa gari, karibu na kichwa cha dada yake. Sikuona kama waliangaliana. Nikafunga mlango, nikakaa nyuma na Shangazi, tukaondoka watatu.

Tulishuka kwa gia ndogo. Chini ya mteremko harufu ilikuwepo, ya mbali tu, kama makongoro ya kijiji cha pili. Baba mdogo akavuka kijito, akapanda kidogo, akasimama. Akatoa mkono dirishani, akanipa jiwe. Nikashuka nikaliegemeza kwenye gurudumu la nyuma, upande wake laini ukiwa juu.

Magurudumu yakaanza ti, ti. Shangazi alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na nilijua anachotaka kusema, nikajiandaa.

"Mwita," akaita. "Zimepoa?"

"Bado kidogo, dada."

Akafumba macho.

"Basi tusubiri."

Baba mdogo aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mimi nikabaki chini karibu na gurudumu, nikasubiri mzaha uje, haukuja. Nikaweka mguu wangu juu ya jiwe, nikalikandamiza, lisitoke.